Mchikichi: je, ni kweli Malaysia walichukua mbegu Kigoma?

Ni nadra Watanzania watatu kukutana huku ughaibuni, mazungumzo yakafika kwenye bei ya mafuta ya kula nyumbani, bila mmoja wao kukumbusha kwamba Wamalaysia walikuja Kigoma wakachukua mbegu ya mchikichi, wakaenda kuipanda kwao, na leo wao ndio wanaotuuzia mafuta. Wenzake watatikisa vichwa kwa uchungu, kisha mada itahamia kwenye korosho.

Sisi wenyewe tumeisikia hadithi hii tangu utotoni na tumeisimulia kwa wengine. Wanasiasa wameitoa majukwaani, magazeti yameiandika, na hakuna aliyeona haja ya kuuliza ni lini na ni nani. Safari hii tumeona tuifuatilie mpaka mwisho, na sababu yetu si ubishi wa kijiweni. Wapo wasomaji wetu wanaotuma fedha nyumbani kwa ajili ya shamba la michikichi, wengine Kigoma, wengine Rumonge kule Burundi, wengine Uvira. Anayeamini kwamba siri ya Malaysia ni mbegu ya Kigoma ataokota kokwa chini ya mti wa jirani, atapanda, atapalilia, na baada ya miaka minne au mitano ndipo atakapogundua kwamba siri ilikuwa mahali pengine.

Tuanze na mti wenyewe.

Wataalamu wanauita Elaeis guineensis. Jina la kwanza limetokana na neno la Kigiriki la mzeituni na mafuta yake, na la pili linataja Guinea, yaani pwani ya Afrika Magharibi. Lakini aliyeupa jina hilo mwaka 1763, Nikolaus Joseph von Jacquin, hakuuona Afrika. Aliuona Martinique, katika visiwa vya Karibi, ambako ulikuwa umefika kwa safari zilezile za meli za watumwa. Watanzania tunauita mchikichi na tunda lake chikichi. Ukivuka ziwa kwenda Kongo utasikia ngazi, na Warundi husema ikigazi, na sikio halihitaji msaada kuusikia undugu wa majina hayo mawili. Mafuta mekundu yanayotoka kwenye nyama ya tunda ni mawese. Kiini kilichomo ndani ya kokwa ni mise, nacho kina mafuta yake mengine kabisa, meupe, yanayoganda kama ya nazi na kutoa povu zuri la sabuni. Tunda moja, mafuta ya aina mbili.

Kwa msomaji wa Pwani, njia rahisi ya kuujua mchikichi ni kuuweka kando ya mnazi. Mnazi huangusha kuti lake likabaki pete tu kwenye shina. Mchikichi hung'ang'ania vikonyo vya makuti ya zamani kwa miaka mingi, ndiyo maana shina lake linaonekana nene, lenye magamba, na mara nyingi limeota majani mengine yaliyojipachika humo. Vipande vya kuti la mnazi vimelala sawasawa kama chanuo. Vya mchikichi vimetokeza kwa pande tofauti, kwa hiyo kuti zima linaonekana kama manyoya yaliyovurugika. Na kikonyo chake kina miiba, jambo ambalo mnazi haulijui na ambalo mikono ya wakata chikichi inalijua vizuri. Mti wa porini unaweza kufika mita 20 na hata kupita.

Hauna matawi. Una ncha moja tu ya kukulia, iliyofichwa katikati ya kilele, na ncha hiyo ikioza au ikikatwa mti mzima umekwisha. Hauna mzizi mkuu unaoshuka chini sana pia. Mizizi yake ni mingi, myembamba, na iliyo mingi hukaa karibu na uso wa ardhi. Hii maana yake ni kwamba udongo ukikauka juu, mchikichi hauna mahali pa kukimbilia.

Ni mti wa ukanda wa misitu ya mvua, kuanzia Senegal hadi Angola na kuingia bonde la Kongo. Hata hivyo si mti wa gizani. Mche wake haukui vizuri chini ya kivuli cha msitu mnene, kwa hiyo porini utaukuta kandokando ya mito, kwenye vinamasi, na mahali ambapo miti mikubwa imeanguka au imefyekwa. Ndiyo maana watafiti wakikuta michikichi mingi katikati ya msitu wa Kongo au Kamerun hujiuliza kwanza kama hapo hapakuwa na kijiji. Binadamu alifyeka, akala chikichi, akatupa kokwa, akahama, na kokwa zikabaki. Nyani, ndovu na ndege nao hulisambaza tunda hili. Yupo hata tai mmoja, mweupe mwenye mbawa nyeusi, ambaye badala ya kugombea mizoga kama ndugu zake, chakula chake kikubwa ni nyama ya chikichi.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kila mwenye shamba angepaswa kulijua. Mchikichi mzima hutoa takriban makuti mawili kwa mwezi, na katika kwapa la kila kuti kuna chipukizi la ua. Ua hilo linaweza kuwa la kiume au la kike. Mti mmoja hutoa yote mawili, ila kwa zamu: kwa kipindi fulani unatoa maua ya kiume, kisha unageuka kutoa ya kike, na ni ya kike tu yanayokuwa shada la matunda. Nani anaamua zamu? Kwa sehemu kubwa ni hali ya mti, hasa maji. Mti ulioshiba maji huelekea upande wa kike, uliopatwa na kiangazi kirefu huelekea upande wa kiume. Na uamuzi huo hufanyika mapema sana, ua likiwa bado limejificha ndani ya kilele, kiasi cha miaka miwili kabla halijachanua. Kwa hiyo jua kali la mwaka huu mkulima ataliona kwenye shada la mwaka wa tatu, wakati ambapo ameshasahau jua lenyewe na anamlaumu mwenye mbolea.

Hapo tu tayari tumeshapata tofauti ya kwanza kati ya Kigoma na Malaysia, na wala haihusu mbegu. Mchikichi unastawi kwa mvua ya milimita 1,800 hadi 2,000 kwa mwaka, iliyogawanyika vizuri. Sehemu kubwa ya Malaysia inapata zaidi ya 2,000, na karibu kila mwezi mvua inanyesha. Kigoma inapata takriban 1,000, na kuanzia Juni hadi Septemba mbingu zimefungwa. Michikichi ya Kigoma inaishi kwa sababu ya mabonde yenye unyevu kama lile la mto Luiche na kwa sababu imezoea, lakini haitoi kama ile inayolewa maji mwaka mzima. Hakuna mwizi aliyechukua mvua.

Mama wa Bogor, baba wa Kongo

Tukirudi kwenye hadithi yenyewe, mchikichi ulifika Asia ya Kusini Mashariki mwaka 1848. Miche minne, mbili kutoka Amsterdam na mbili kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi, ilipandwa katika bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java, Waholanzi walipokuwa wakitawala huko. Ilipandwa kama pambo. Watoto wake walipelekwa Sumatra, wilaya ya Deli, na kupandwa kandokando ya barabara za mashamba ya tumbaku, pia kama pambo. Miaka kumi baada ya miche ile ya Bogor, mwaka 1858, ndipo Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji, na Burton akaandika kuhusu michikichi iliyosimama ufukweni mwa Ziwa Tanganyika kama iliyoota yenyewe, na kutaja kwamba mti huo ulijulikana pia Unguja na Pemba. Kwa maneno mengine, siku Mzungu wa kwanza alipoiandika michikichi ya Ujiji, mababu wa michikichi ya Malaysia walikuwa tayari wanaota Java.

Shamba la kwanza la biashara lilianzishwa Sumatra mwaka 1911 na Mbelgiji Adrien Hallet, mtu aliyekuwa na uzoefu wa Kongo, na la kwanza Malaysia mwaka 1917 huko Tennamaram, Selangor, na Mfaransa Henri Fauconnier, ambaye baadaye alipata umaarufu zaidi kama mwandishi wa riwaya. Mbegu zilikuwa za ukoo ule wa Deli, wajukuu wa ile miche minne.

Mwaka huohuo 1911, serikali ya Ubelgiji ilitia saini mkataba na William Lever, tajiri wa sabuni kutoka Uingereza, wa kumpa maeneo makubwa ya michikichi ya asili nchini Kongo. Lusanga ikaitwa Leverville. Huko hakukuwa na haja ya kupanda. Miti ilikuwepo, kilichotakiwa ni watu wa kuipanda kwa kamba, kukata mashada na kuyabeba, na watu hao walipatikana kwa kodi, vitisho na nguvu. Mwaka 1931 Wapende wa Kwilu waliasi baada ya bei ya chikichi kushushwa huku kodi ikibaki palepale, na mamia yao waliuawa. Tunalitaja hili kwa sababu sabuni iliyoosha mashati ya Ulaya ilikuwa na historia hiyo nyuma yake, na historia hiyo haisimuliwi kwenye vijiwe vyetu, wakati hadithi ya wizi wa Kigoma inasimuliwa kila siku.

Ni Kongo hiyohiyo ndiko siri kubwa ya mchikichi ilikofumbuliwa. Michikichi haifanani ndani ya tunda. Ipo inayoitwa dura, yenye gamba nene la kokwa na nyama kidogo. Ipo pisifera, isiyo na gamba gumu, lakini mashada yake ya kike kwa kawaida huoza kabla ya kuiva, kwa hiyo kama mti wa mavuno haifai. Na ipo tenera, yenye gamba jembamba na nyama nyingi. Kwa miaka mingi wakulima na wataalamu walipanda mbegu za tenera wakitarajia tenera, wakavuna mchanganyiko usioeleweka. Mwaka 1941, katika kituo cha utafiti cha Yangambi, watafiti Beirnaert na Vanderweyen walionyesha kwamba jambo zima linaongozwa na chembe moja tu ya urithi. Dura ina nakala mbili za gamba nene. Pisifera haina hata moja. Tenera ina moja kutoka kwa mama na inakosa moja kutoka kwa baba, ni chotara.

Hesabu yake ni nyepesi. Ukichavusha dura kwa unga wa pisifera, watoto wote ni tenera, wote mia kwa mia. Lakini ukipanda mbegu za tenera iliyochavushwa na tenera mwenzake, katika kila miche 100 utapata takriban 25 za dura, 50 za tenera na 25 za pisifera zisizozaa. Na kama jirani zake ni dura, kama ilivyo sehemu kubwa ya Kigoma, nusu ya watoto watarudi kuwa dura. Tenera hutoa kiasi cha asilimia 30 ya mafuta zaidi ya dura kwa uzito uleule wa shada. Hapo ndipo utajiri ulipojificha, kwenye unene wa gamba.

Malaysia na Indonesia wakafanya nini? Walichukua dura ya Deli, ya ukoo wa Bogor, kuwa mama. Baba walimpata miongoni mwa pisifera zenye asili ya Afrika, na ukoo mmojawapo unaotumika sana, uitwao AVROS, chimbuko lake ni mbegu zilizotoka bustani ya Eala, karibu na Mbandaka ya leo, na kupelekwa Sumatra katika miaka ya 1920. Kama kuna nchi yenye haki ya kulalamika, basi ni Kongo, iliyotoa baba na iliyotoa elimu, kisha baada ya 1960 ikaona mashamba na vituo vyake vikififia.

Kulikuwa bado na kikwazo kimoja. Ilidhaniwa kwamba mchikichi huchavushwa na upepo, na kwa kuwa Malaysia upepo haukutosha, vibarua walizunguka mashambani wakinyunyiza unga wa maua kwa mkono. Mtaalamu wa wadudu kutoka Pakistani, Rahman Syed, alikwenda Kamerun akagundua kwamba kazi hiyo inafanywa na mdudu mdogo mweusi, jamaa wa fukusi, anayevutwa na harufu ya ua inayofanana na shumari. Anataga kwenye ua la kiume, na anapodanganyika kwenda kwenye ua la kike hufika akiwa amejaa unga. Mdudu huyo aliachiwa mashambani Malaysia mwaka 1981, na baada ya muda mfupi kazi ya kuchavusha kwa mkono ikakoma.

Basi ukikusanya yote: mama kutoka bustani ya Java, baba kutoka Kongo, mposaji kutoka Kamerun, na mvua kutoka kwa Mungu. Kigoma iko wapi?

Ipo, na hapo ndipo ile robo ya ukweli tuliyoitafuta. Mwaka 1986 watafiti wa Malaysia, waliokuwa wakizunguka nchi mbalimbali za Afrika kukusanya mbegu za michikichi ya asili kwa ajili ya utafiti, walifika Tanzania pia. Mikusanyo yao ilipandwa katika kituo cha Kluang, jimbo la Johor. Lakini wakati huo Malaysia ilikuwa tayari mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Walikuja wakiwa matajiri tayari, wakitafuta akiba ya urithi kwa siku za mbele. Leo Malaysia na Indonesia pamoja hutoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese ya dunia, na sehemu ya ushindi huo imelipwa kwa misitu ya Borneo na Sumatra iliyofyekwa pamoja na sokwe wake wekundu. Hata Uganda, kisiwani Bugala katika Ziwa Victoria, mashamba ya michikichi ya miaka ya 2000 yalikata msitu na kuacha malalamiko. Hilo nalo tusilifiche tunapowaonea wivu.

Kwa anayetuma fedha nyumbani

Tuseme basi una ekari zako na ndugu yako wa kusimamia. La kwanza, kokwa iliyookotwa chini ya mti mzuri si mbegu bora, hata kama mti huo ulikuwa bora kweli. Hesabu ya Yangambi haina huruma. Mbegu ya kweli ni ya kuchavushwa kwa makusudi, dura na pisifera, ua likiwa limefungwa kwenye mfuko ili mdudu wa nje asiingie. Wala haioti kirahisi: watayarishaji huiweka kwenye joto la nyuzi 39 hadi 40 kwa miezi miwili au mitatu ili kuiamsha. Mwenye kufukia kokwa tu na kumwagilia anaweza kusubiri mpaka akachoka.

La pili, kwenye kitalu hakuna jicho linaloweza kutofautisha mche wa dura na wa tenera. Mwaka 2013 watafiti waliitambua ile chembe ya urithi yenyewe, kwa hiyo maabara inaweza kusema, lakini maabara haipo kijijini. Unanunua uaminifu wa muuzaji. Tangu kampeni ya mwaka 2018 iliyosimamiwa na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, kituo cha utafiti cha Kihinga, Kigoma, kimepewa kazi ya kuzalisha mbegu na miche ya tenera, na tungemshauri ndugu yeyote aanzie hapo kabla ya kumsikiliza mwenye pikipiki iliyojaa miche. Kama mti umeshazaa, kipimo ni rahisi: kata tunda katikati kwa kisu. Ukiona gamba jembamba limezungukwa na duara la nyuzi nyeusi, hiyo ni tenera. Gamba nene bila duara ni dura.

Nafasi ni mita 9 kwa mpango wa pembetatu, ambayo ni miche 143 kwa hekta. Tenera iliyotunzwa huanza kutoa mashada kiasi cha mwaka wa tatu. Usipande kilimani palipokauka kwa sababu tu kiwanja kilikuwa rahisi.

La tatu linahusu mawese yenyewe. Tunda likishakatwa na kuchubuka, mafuta huanza kuharibika palepale, na viwandani shada linatakiwa lichemshwe ndani ya saa 24. Nyumbani wengi huyaacha mashada siku kadhaa yachache ili matunda yachomoke kwa urahisi. Matokeo yake ni mafuta yenye asidi nyingi, yanayokwaruza kooni, mazuri kwa sabuni lakini si kwa migebuka. Walaji wa ugali wa muhogo na migebuka iliyoungwa kwa mawese wanaijua tofauti hiyo hata bila mashine.

Na kabla ndugu yako hajachukua shoka kuiangusha michikichi yote ya babu ili apande tenera, mwambie angoje. Dura ina mise kubwa zaidi, na akina mama wanaotengeneza sabuni huithamini kwa hilo. Zaidi ya hapo, miti iliyozoea kiangazi cha miezi minne na ubaridi wa mita 800 hadi 1,000 juu ya usawa wa bahari haipatikani kila mahali. Watayarishaji wa mbegu huko Costa Rica waliitambua thamani hiyo zamani: walichukua dura ya Kigoma kuwa mama, wakaichavusha kwa pisifera ya Ekona kutoka Kamerun, wakapata mchikichi unaovumilia nyanda zenye ubaridi. Katika orodha ya mbegu zao, jina la mche huo ni Tanzania x Ekona.